Mwenye mbwa akilazwa, mbwa anakwenda wapi?

Siku ya chanjo, foleni ya mbwa ilianzia chini ya mwembe wa shule ya msingi hapa Gungu, Kigoma, ikatoka getini mpaka barabarani. Watoto walikuwa wengi kuliko watu wazima. Kuna waliofunga mbwa wao kwa kamba ya katani, kuna waliotumia kipande cha kanga kuukuu, na kijana mmoja alikuja amembeba wake mabegani kwa sababu aligoma kutembea tangu nyumbani. Mbele yangu alisimama mzee mwenye baiskeli. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na tenga, na ndani ya tenga jike la rangi ya udongo, mdomo umeshaingia mvi.

Afisa mifugo aliuliza jina la mbwa ili ajaze kadi.

"Popi," mzee akajibu, kisha akataja umri kabla hajaulizwa. "Ana miaka kumi na mmoja."

Sindano ilipoingia, Popi hakushtuka. Aliyefumba macho ni mzee. Alipoyafumbua akasogea karibu na meza, akashusha sauti, ingawa sisi wa nyuma tulimsikia.

"Daktari, mnayo sehemu ya kumwacha?"

"Humtaki tena, mzee wangu?"

"Namtaka sana. Nimeandikiwa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Wameniambia nijiandae kukaa huko wiki tatu, pengine mwezi. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na yeye."

Mama mmoja aliyeshika mbwa wawili alimshauri amwachie jirani. Mzee akasema majirani wanamwogopa, halafu Popi mwenyewe hali chakula cha mtu asiyemjua. Tukanyamaza. Afisa mifugo akamaliza kuandika tarehe, akampa kadi.

"Sehemu kama hiyo hatuna, mzee wangu."

Mzee akaikunja kadi, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaanza kusukuma baiskeli kuelekea barabarani.

## Tarehe iliyopita

Swali lile limenisumbua kwa wiki nyingi.

Maswali ya mbwa tuliyoyazoea mtaani ni mengine. Anauma? Ni wa nani? Mnauza watoto wake? Mbwa akitajwa kwenye kikao cha mtaa, ujue kuna kuku ameliwa au mtoto ameumwa. Huyu alikuja na swali la mtu ambaye hajakosea chochote. Mbwa wake anakula, amechanjwa, ameletwa kwa baiskeli asichoke. Anachokosa ni mahali pa kumweka kwa mwezi mmoja ili naye akatibiwe.

Baadaye nilipita kwake kumjulia hali. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Tarehe ya rufaa ilikuwa imepita na alikuwa bado yuko Kigoma. Hakusema ameshindwa kwenda kwa ajili ya mbwa. Alisema nauli haijatimia. Sikuwa na sababu ya kumpinga: kutoka huku mwisho wa reli hadi Mwanza si mwendo mdogo, na mgonjwa haendi peke yake. Lakini wakati wote tulipoongea, Popi alikuwa amelaza kidevu juu ya kiatu chake, na kila neno Mwanza lilipotajwa mzee alimtazama yeye, hakunitazama mimi.

Nauli au mbwa?

Nimelizungusha sana hilo kichwani na jibu langu ni kwamba havitengani. Mtu akiwa na pa kumwacha anayemtegemea, hutafuta nauli kwa nguvu zote: huomba kwa watoto, hukopa kwenye kikundi, huuza mbuzi. Asipokuwa na pa kumwacha, nauli isiyotimia humpa sababu ya kubaki ambayo hakuna atakayembishia. Ni nani kati yetu angemsikiliza mgonjwa akisema hakwenda hospitali kwa sababu ya mbwa? Tungemwona amechanganyikiwa. Basi hasemi.

## Uzio niliouchora

Kwa siku za mwanzo nilikuwa na jibu moja tu kichwani: Kigoma ijenge makao ya wanyama. Nilishayaona kwenye picha za nchi za watu. Uzio, mabanda yaliyopangwa safu, bakuli za bati, daktari mwenye koti jeupe. Nilifika mahali pa kuchukua kalamu na kuanza kukadiria bei ya nyavu na saruji.

Kilichonisimamisha ni swali la chakula. Mabanda yakishajaa, nani atawalisha? Na yatajaa tu, maana siku kituo kikifunguliwa, kila mwenye watoto wa mbwa asiowataka atawaleta kwa boksi usiku na kuwaacha getini. Huko ambako makao haya yana umri mkubwa, tatizo hilo wanalijua vizuri. London ndiko Mary Tealby alikoanzisha nyumba ya mbwa waliopotea mwaka 1860, ile ambayo tangu 1871 iko Battersea. Yalikuwa makao kwa maana niliyokuwa nayo mimi: mbwa anaokotwa, anaingizwa, anatafutiwa mtu.

Lakini London hiyo hiyo, mwaka 1917, vita kuu vikiwa bado vinaendelea, mwanamke mwingine aliyeitwa Maria Dickin alilitazama jambo kutoka upande wa pili. Alifungua zahanati kwenye chumba cha chini ya jengo huko Whitechapel, mtaa wa mafukara wa mashariki mwa jiji, na mlangoni akaweka tangazo la kuwaalika watu walete wanyama wao wagonjwa watibiwe bure. Watu walifurika. Walileta mbwa, paka, sungura, punda wa mikokoteni. Hawakuwa watu wasiojali. Walikuwa watu wasio na hela. Shirika lililozaliwa pale, PDSA, lipo hadi leo na bado linatibu wanyama wa watu wa kipato kidogo.

Tofauti ya wanawake hawa wawili ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Wa kwanza alimpokea mbwa aliyekwisha kupotea. Wa pili alimwezesha mwenye mbwa asimpoteze.

Siku hizi makao mengi huko Marekani na Uingereza yamejifunza kwa huyo wa pili. Mtu akifika getini na mbwa wake, huulizwa kwanza: shida ni nini? Ikiwa ni chakula, hupewa mfuko wa chakula arudi naye nyumbani. Ikiwa ni kubweka au kufukuza kuku, hufundishwa namna ya kumzoeza. Ikiwa ni matibabu, hupunguziwa bei. Na ikiwa mwenye mbwa analazwa, au nyumba imeungua, au mwanamke anamkimbia mume anayempiga, mbwa hupokelewa kwa muda, kwa jina la mwenyewe, na baadaye hurudishwa kwake.

Hilo la mwisho ndilo alilouliza mzee wa baiskeli. Alikuwa hajawahi kusikia kama lipo duniani. Alilifikiria mwenyewe kutokana na shida yake.

## Mbwa koko ana kwao

Nikiandika mbwa koko, najua picha inayokuja: mbwa asiye na mtu, anayechakura jalalani sokoni Mwanga. Mimi pia niliamini hivyo.

Tafiti zilizofanyika vijijini na mijini hapa Tanzania zinasema vingine. Mbwa wengi mno wanaozurura wana nyumba wanayolala na mtu anayewaita kwa jina. Wanazurura kwa sababu nyua zetu hazina uzio na chakula cha nyumbani hakitoshi. Jioni hurudi. Ukianza kuwafuatilia wa mtaa wako utagundua: yule mwenye sikio lililokatika ni wa fundi baiskeli, yule mweusi ni wa nyumba ya mama ntilie, yule kilema ni wa watoto wa nyumba ya bati jekundu.

Hili linabadilisha kila kitu.

Kwanza, mbwa anayepigwa risasi au kulishwa sumu kwenye msako ana mwenyewe. Na mara nyingi anayekufa kwanza ni yule aliyezoea watu, asiyekimbia, ambaye pengine ndiye aliyechanjwa. Anayebaki ni mjanja na mwoga, ambaye hajawahi kushikwa na mtu. Nafasi ya aliyekufa haikai wazi: jike hubeba mimba kama siku 63 tu, na chakula kilekile cha jalalani sasa kinawalea watoto wake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuua mbwa kama njia ya kuzuia kichaa cha mbwa. Linapendekeza kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na kurudia.

Pili, makao ya uzio niliyoyachora yangejaa mbwa wa watu. Tungekuwa tunawaondoa majumbani na kuwaita yatima.

Naomba nieleweke. Wako wasio na mtu kweli. Wakati maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2020 na 2021, nyumba za kando ya ziwa ziliingiwa na maji na familia zikahamia vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba anayekupangisha chumba kimoja hakupokei na mbwa. Paka walibaki juu ya kuta, mbwa walibaki wakizunguka pale palipokuwa na jiko. Hao walihitaji mahali. Lakini hata wao walikuwa na watu siku moja kabla ya mafuriko, na kama pangekuwepo mtu wa kuwapokea kwa muda, wengi wangerudi kwao.

## "Watoto wa watu wanalala njaa"

Nililieleza wazo hili kwa ndugu yangu ninayemheshimu, naye akanijibu kwa upole kwamba Kigoma ina watoto wanaolala njaa, na mimi nahangaikia mbwa.

Lilinichoma, na sikuwa na jibu la haraka.

Nilichorudi nacho kwake siku nyingine ni hiki. Duniani kila mwaka watu wapatao 59,000 wanakadiriwa kufa kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila watu 100 wanaokipata, 99 wamekipata kwa mbwa. Takribani wanne katika kila kumi ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15, kwa sababu watoto ndio wanaocheza na mbwa, na wakiumwa hawasemi, wanaogopa kuchapwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Sindano huchomwa kwa tarehe kadhaa tofauti, na kila tarehe ina nauli yake na kibarua chake kilichoachwa. Mama wa kijijini akienda ya kwanza na ya pili, kidonda kimefunga, mtoto anacheza, ya tatu anaona haina haja. Ugonjwa huu huweza kukaa miezi miwili au mitatu mwilini bila kuonekana. Hapo ndipo watoto wetu wanapotuponyoka.

Chanjo ya mbwa inamkinga mtoto kabla hajaumwa. Na mbwa hachanjwi na serikali peke yake. Anachanjwa na mtu aliyeweza kumkamata, kumfunga kamba na kumleta. Mbwa aliyelishwa na kuzoeshwa hukamatika. Mbwa aliyetelekezwa hakamatiki. Kwa hiyo kila kitu kinachomsaidia mzee kama yule abaki na Popi wake, kinamlinda pia mtoto wa jirani.

Ndugu yangu hakukubali yote. Alikubali hilo la watoto, akaniuliza kwa nini sikuanzia hapo. Sikutaka kuanzia hapo, na sitaki hata sasa. Mzee anampenda mbwa wake, na hilo kwangu linatosha kuwa sababu hata kama kichaa cha mbwa kisingekuwepo.

## Ujiji

Huwezi kuzungumzia mbwa katika manispaa hii ukairuka Ujiji.

Wengi wetu huku tumelelewa tukijua mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Watu wananiuliza kama mpango wa mbwa utapokelewa. Nilikwenda kumwuliza shehe mmoja mtu mzima ambaye mwenyewe ana mbwa wa kulinda mifugo, nje kidogo ya mji. Alinieleza kwa utulivu kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda hakukatazwa, na kwamba hukumu ya mate ni hukumu ya usafi, haimpi mtu ruhusa ya kumtesa mnyama. Kisha akanikumbusha hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua: mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho amekiuma kwa meno, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

Alinipa pia ushauri wa kazi, na huo ndio ninaouthamini zaidi. Mbwa wa watu msiwapeleke kwenye nyumba ambazo zitabeba mzigo wa udhu na vyombo. Wapelekeni kwa wenye nyua na mashamba. Nyumba za mjini zipeni paka.

Na kweli, paka wa Ujiji na Kibirizi wana kazi. Ghala la dagaa lisilo na paka lina panya. Akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi wanawafukuza paka mchana na kuwahitaji usiku, na wengi wao wangependa jike lao lifungwe kizazi ili lisizae kila mara. Hawajui wamwulize nani.

## Walichoulizwa watu wa kando ya Gombe

Somo hili la kumsaidia mnyama kwa kumsaidia mtu, Kigoma ilikwisha kulifundisha dunia, ila kwa mnyama mwingine.

Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe, kando ya ziwa letu, Julai 1960 kuwatazama sokwe. Miaka 30 hivi baadaye alipita juu ya eneo hilo kwa ndege ndogo, akaona hifadhi imebaki kipande cha msitu kilichozungukwa na vilima vitupu, mashamba yaliyochoka na watu wengi kuliko ardhi ilivyoweza kuwalisha. Kutokana na hapo, mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji 12. Watanzania walitumwa vijijini kuuliza watu wanahitaji nini, na majibu yalikuwa afya, shule na mavuno. Mradi ukaanzia huko, na upandaji miti ukaja pamoja na hayo. Aliyetaka kumwokoa sokwe alilazimika kumhudumia mwanakijiji, na akafanya hivyo kwa heshima, kwa kumsikiliza kwanza.

Dkt. Goodall alifariki Oktoba 2025. Mara nyingi alieleza kwamba aliyemfundisha kwamba mnyama ana akili, hisia na tabia yake mwenyewe ni mbwa wa utotoni mwake huko Uingereza, aliyeitwa Rusty. Na Rusty hakuwa hata mbwa wake. Alikuwa wa hoteli ya jirani, akija kwao kila siku. Kila ninapolikumbuka hilo nawafikiria watoto wa foleni ile ya chanjo. Sidhani wote walileta mbwa wa nyumbani kwao.

Mwaka huohuo wa 1994, Serengeti, ugonjwa wa distempa uliua kama theluthi moja ya simba, takribani simba 1,000. Ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na tangu hapo kuchanja mbwa wa vijiji hivyo kukawa sehemu ya kuwalinda simba.

## Kituo kisicho na mabanda

Hapa ndipo mawazo yangu yalipotulia. Kigoma inaweza kuwa na makao ya wanyama leo, kabla ya tofali la kwanza, yakiwa majumbani mwa watu.

Vituo vya aina yake viko nchini. Kile cha Mbwa wa Africa, mkoani Arusha, kinapokea mbwa, lakini pia kinatoka kwenda vijijini kuchanja na kuhasi. Watafiti hapa nchini wameonyesha kwamba mojawapo ya chanjo za kichaa cha mbwa zinazotumika sana huweza kukaa hadi miezi mitatu kwenye joto la nyuzi 30 bila kupoteza nguvu, na wakajaribu kuihifadhi kijijini ndani ya vyungu vya udongo vinavyopoza kwa maji, kama mtungi wa bibi. Chanjo ikikaa kijijini, mwenye mbwa hasubiri siku ya chanjo. Anakwenda siku mbwa wake alipofikisha umri. Nikiyawaza mabonde ya Kalinzi na vijiji vya kando ya ziwa vinavyofikika kwa mtumbwi tu, naona jambo hili lingetufaa kuliko mikoa mingi.

Nililifikisha wazo kwa afisa mifugo yule wa siku ya chanjo na kwa mwenyekiti wa mtaa. Tulikaa barazani kwa mwenyekiti na majirani wachache. Tumeanza na daftari.

Upande mmoja tunaandika nyumba zenye ua au shamba zilizo tayari kukaa na mbwa wa mtu kwa muda wa matibabu, msiba wa mbali au kuhama. Upande wa pili, wenye wanyama wanaohitaji. Mbwa lazima awe amechanjwa na kadi ionekane. Mwenyewe anaacha maelezo: anakula nini, saa ngapi, anaogopa nini, anamwuma nani. Mwenyekiti anaweka sahihi, asije mtu akasema mbwa ametupwa au ameuzwa.

Mwenye mbwa wa mwisho niliyeongea naye kuhusu daftari ni mzee wa Popi. Alisikiliza yote, kisha akarudia lilelile la siku ya kwanza: Popi hali chakula cha mtu asiyemjua. Mama mmoja wa Katubuka, anayefuga mbuzi, akajitolea kwenda kwake kila jioni kabla ya safari. Siku za mwanzo alikaa tu. Halafu mzee akawa anapika ugali na vichwa vya migebuka, na mama ndiye anayeweka bakuli chini, mzee akiwa ameketi palepale. Popi alikula. Mzee amekwenda kuomba tarehe mpya ya rufaa, na watoto wake wa Dar es Salaam wamechangia nauli.

Chakula tuliogopa kitatushinda, lakini wauza dagaa wa Kibirizi wana chenga zinazobaki baada ya kupepeta, na mashine ya kusaga ina pumba. Kuhasi na kufunga kizazi bado ni kikwazo. Dawa ya usingizi ina gharama, na afisa mifugo ni mmoja kwa kata nzima. Ninachotaka tuombe halmashauri ni siku moja ya upasuaji kila baada ya muda fulani, tukiwa na orodha tayari, ili mtaalamu asije kungojea wateja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Naona ni haki naye asaidiwe kuweza.

Kuna maswali yaliyonikosesha raha na bado hayajapata jibu. Mbwa mgeni akimwuma mtoto wa mwenyeji wake, nani anagharimia sindano? Tumekubaliana mfuko mdogo wa mtaa uanze na mwenye mbwa achangie, ila anayelazwa ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Na lingine, ambalo mwenyekiti alilitaja kwa sauti ya chini kikaoni: mgonjwa asiporudi? Tuliongea kwa muda mrefu. Mwishowe tuliongeza mstari kwenye karatasi, mwenye mbwa aandike mwenyewe jina la mtu anayetaka amrithi mnyama wake, na mtu huyo aulizwe kabla ya safari, akiwa hai mwenye kumwomba. Mzee wa Popi ameandika jina la mama wa Katubuka. Mama amekubali.

Siku ya chanjo ijayo tutaomba meza ya pili kando ya meza ya afisa mifugo, daftari likae hapo. Anayekuja na mbwa ataulizwa maswali mawili baada ya jina la mbwa: ukiugua, nani atamlisha? Na wewe, unaweza kumlisha wa mwenzio? Kwa sasa nyumba tulizonazo ni za Gungu na Katubuka peke yake. Buzebazeba, Mwanga na Ujiji hatujapata hata moja, na tayari kuna mjamzito wa Mwanga ambaye mume wake yuko safarini ziwani na ana mbwa wawili. Anatarajia kujifungua mwezi ujao. Mwenye ua huko Mwanga, tafadhali ajitokeze kwa mwenyekiti wake wa mtaa wiki hii, ili mbwa wapate muda wa kumzoea.